Kati ya jimbo na Washington, nani mwenye mamlaka juu ya sheria za kuwalinda watoto mtandaoni?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 15, na tunaishi Houston, Texas. Tulisikia kwamba jimbo letu limepitisha sheria ya kuwataka wenye maduka ya programu za simu wapate ruhusa ya mzazi kabla mtoto hajapakua chochote, kisha kabla sheria haijaanza tukasikia jaji ameizuia. Mdogo wangu anayeishi Florida ananiambia kwao mtoto wa chini ya miaka 14 hatakiwi hata kuwa na akaunti. Sasa tunaambiwa Washington itatunga sheria moja ya nchi nzima. Nani hasa mwenye mamlaka, na je, hiyo sheria moja itatuongezea ulinzi au itatupunguzia?

Jibu: Dada yangu, pande zote mbili zina mamlaka, na ndiyo maana habari unazozisikia zinakinzana. Jimbo la Texas lina haki ya kutunga sheria ya kuwalinda watoto wake mtandaoni bila kuomba ruhusa Washington, na Bunge la Marekani lina haki ya kutunga ya kwake kwa nchi nzima. Sheria ya shirikisho ikigongana na ya jimbo, ya shirikisho ndiyo hushinda. Lakini mgongano huo unaanzia wapi ni jambo ambalo kwa sehemu kubwa huamuliwa na Bunge lenyewe, kwa maneno linayoyaandika ndani ya sheria. Juu ya wote hao kuna Katiba, hasa Marekebisho ya Kwanza yanayolinda uhuru wa kusema, kusoma na kupokea habari, na nyingi kati ya sheria za majimbo zilizozuiwa mahakamani zimezuiwa kwa msingi huo, wala si kwa kosa la kuingilia kazi ya Washington. Kuhusu sehemu ya mwisho ya swali lako, jibu limo katika kifungu kimoja ambacho mara nyingi huwekwa karibu na mwisho wa mswada, na ambacho taarifa za habari hukiruka. Nitakifikia, ila kwanza tuelewane juu ya msingi.

Katiba ya Marekani, katika Ibara ya Sita, inasema kwamba sheria za shirikisho zilizotungwa kwa mujibu wa Katiba ndizo sheria kuu za nchi na kwamba majaji wa kila jimbo wanabanwa nazo. Marekebisho ya Kumi, kwa upande wake, yanasema kwamba madaraka ambayo serikali ya shirikisho haikukabidhiwa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Miongoni mwa madaraka yaliyokabidhiwa ni kusimamia biashara baina ya majimbo, na intaneti ni biashara ya namna hiyo kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kubuniwa. Hata hivyo, malezi ya watoto, mikataba, udanganyifu dhidi ya wateja na madhara anayosababishiwa mtu na mwenzake ni mambo ambayo tangu zamani yamekuwa mikononi mwa majimbo. Mtoto anayetumia simu sebuleni kwenu yuko chini ya pande zote mbili kwa wakati mmoja. Msomaji aliyekulia Tanzania anaifahamu orodha ya Mambo ya Muungano iliyoambatishwa kwenye Katiba, ambayo posta na simu zimo. Huko jambo likishakuwa la Muungano, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar halilitungii sheria. Marekani haina ukuta wa namna hiyo katika suala hili, kwa kuwa mambo mengi yanaweza kutungiwa sheria na pande zote mbili mpaka pale Bunge litakapotamka vinginevyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni sheria ya faragha ya watoto mtandaoni inayojulikana kwa kifupi kama COPPA, ambayo ilitiwa saini Oktoba 1998 na kuanza kutumika Aprili 2000. Inamhusu mtoto wa chini ya miaka 13. Tovuti au programu inayowalenga watoto, au inayojua kwa hakika kwamba inamhudumia mtoto wa umri huo, hairuhusiwi kukusanya taarifa zake binafsi kabla ya kupata idhini ya mzazi kwa njia inayoweza kuthibitishwa. Ndani ya sheria hiyo Bunge liliandika kwamba hakuna jimbo linaloruhusiwa kuweka wajibu usiopatana na sheria hii kwa mambo ambayo sheria yenyewe inayashughulikia. Hilo neno la kutopatana limegombaniwa kwa miaka mingi. Kampuni zilidai kwamba maana yake ni kuwa jimbo lisiguse kabisa taarifa za watoto. Mwishoni mwa mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, yaani mahakama ya rufaa ya shirikisho kwa majimbo ya magharibi, katika kesi ambayo watoto kupitia wazazi wao waliishtaki Google kuhusu YouTube kwa kutumia sheria za majimbo kadhaa, iliamua kinyume. Ilisema kwamba sheria ya jimbo inayokataza jambo lile lile ambalo COPPA inalikataza haigongani nayo, na kwa hiyo inabaki hai. Uamuzi huo una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu COPPA yenyewe haimpi mzazi haki ya kufungua kesi. Wanaoweza kushtaki kwa jina la COPPA ni vyombo vya serikali tu, hasa Tume ya Biashara ya Shirikisho, inayowalinda wateja nchi nzima, na wanasheria wakuu wa majimbo. Mzazi akitaka kusimama mwenyewe mahakamani, mlango alio nao ni sheria ya jimbo lake.

Wanasheria wakuu wa majimbo nao wametumika vizuri katika mpango huo. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza madai kwamba zilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na kati ya fedha hizo milioni 136 zilikwenda kwa Tume na milioni 34 kwa jimbo la New York. Serikali mbili zilikaa upande mmoja wa meza, zikitumia sheria moja. Hivi ndivyo mfumo unavyokuwa pale unapofanya kazi yake, na naomba ulikumbuke hilo tutakapofika kwenye madai kwamba majimbo yanavuruga mambo.

Sheria ya pili ya shirikisho inayoyabana majimbo ni Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya 1996. Kifungu hicho kinaikinga kampuni isihesabiwe kuwa ndiyo iliyosema yale yanayowekwa na watumiaji wake, na kinatamka wazi kwamba hakuna kesi inayoweza kufunguliwa kwa sheria ya jimbo isiyopatana nacho. Kwa miaka mingi kesi za wazazi zilikuwa zikifia hapo. Siku hizi mawakili wameacha kushtaki juu ya maneno na picha zilizowekwa na watu wengine, wakageukia namna bidhaa ilivyoundwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilikubali kwamba kampuni ya Snap, yenye programu ya Snapchat, inaweza kushtakiwa kwa kosa la kuunda kichujio cha kuonyesha mwendo wa gari, kilichodaiwa kuwashawishi vijana waendeshe kwa kasi ya hatari, kwa kuwa kichujio hicho ni kazi ya kampuni yenyewe. Oktoba 2023 majimbo 33 yaliungana kuishtaki Meta katika mahakama ya shirikisho ya California, na mengine yakafungua kesi katika mahakama zao, yakidai kwamba Instagram na Facebook ziliundwa kwa namna ya kuwanasa watoto. Oktoba 2024 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliyapunguza baadhi ya madai kwa sababu ya Kifungu cha 230, lakini akaruhusu mengine yaendelee. Kesi hizo zinategemea kwa kiasi kikubwa sheria za majimbo za kumlinda mteja, sheria ambazo nyingi zilikuwepo kabla ya simu hizi kubuniwa.

Sasa nije kwenye mkanganyiko wa Texas wenyewe. Jimbo lako limetunga sheria kadhaa, na mbili kati ya hizo zimepata hatima tofauti kabisa. Ya kwanza, ya mwaka 2023, inazitaka tovuti ambazo zaidi ya theluthi moja ya maudhui yake ni ya ngono yenye madhara kwa watoto zithibitishe kwamba mtumiaji ni mtu mzima. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba jimbo lina mamlaka ya kumzuia mtoto asipate maudhui ambayo kwa mtoto huyo hayana kinga ya Katiba, na kwamba usumbufu anaoupata mtu mzima wa kuthibitisha umri wake ni mzigo wa pembeni tu. Ya pili ni hiyo ya maduka ya programu, iliyotiwa saini Mei 2025 na iliyotakiwa kuanza tarehe 1 Januari 2026. Ingeyataka maduka hayo yathibitishe umri wa kila mtumiaji na kupata idhini ya mzazi kila mara mtoto wa chini ya miaka 18 anapopakua programu au kununua kitu ndani yake. Siku chache kabla haijaanza, Jaji Robert Pitman wa mahakama ya shirikisho ya Austin, makao makuu ya Texas, aliizuia, akisema kwamba ni sawa na kulitaka kila duka la vitabu lithibitishe umri wa kila mteja mlangoni, kisha limdai mtoto ruhusa ya mzazi ya kuingia, na tena ruhusa nyingine ya kununua kitabu. Jimbo lilikata rufaa.

Tofauti kati ya hizo mbili haihusu kabisa nani mwenye mamlaka kati ya Austin na Washington. Ya kwanza inagusa aina moja ya maudhui, ambayo Mahakama ya Juu ilikwisha kusema tangu mwaka 1968 kwamba mtoto anaweza kunyimwa. Ya pili inagusa kila kitu kilichomo kwenye simu, pamoja na programu ya Biblia, ya habari na ya kujifunza hesabu. Majaji wanapoona sheria inasimama kati ya kijana na mambo halali ya kusoma, wanaitaka serikali itoe ushahidi mzito sana, na majimbo mengi yameshindwa kuutoa. Kwa sheria zao za umri katika mitandao ya kijamii, Arkansas ilishindwa Machi 2025, Ohio ikafuata Aprili mwaka huo huo, na Utah ilikuwa imezuiwa Septemba 2024. Sheria ya California ya kuunda huduma kwa kuzingatia umri wa mtoto, iliyotiwa saini 2022, nayo imezuiwa zaidi ya mara moja. Anayezifungua nyingi kati ya kesi hizi ni NetChoice, chama cha kampuni za teknolojia ambacho Meta na Google ni wanachama wake.

Florida ya mdogo wako inaonyesha jinsi ardhi hii ilivyo laini. Sheria yao ya 2024 inawakataza watoto wa chini ya miaka 14 kuwa na akaunti katika mitandao fulani ya kijamii na inawataka wa miaka 14 na 15 wapate idhini ya mzazi. Juni 2025 Jaji Mark Walker aliizuia; Novemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi na Moja ikaruhusu itekelezwe wakati rufaa inaendelea. Huko Mississippi, Agosti 2025, Mahakama ya Juu ilikataa kusimamisha utekelezaji wa sheria kama hiyo, huku Jaji Brett Kavanaugh akiandika kwamba kwa maoni yake huenda sheria hiyo inakiuka Katiba. Mama wa Jackson, Mississippi, na mama wa Little Rock, Arkansas, wanatenganishwa na mwendo wa saa chache tu kwa gari, wanaishi chini ya Katiba moja, na sheria mbili zinazofanana zina nguvu kwa mmoja na hazina kwa mwingine. Nakubali kwamba hili linachosha, na sidhani kwamba mzazi anapaswa kulizoea.

Lakini kuna hitimisho moja ambalo watu wengi hulifikia haraka, nami nalipinga: kwamba kwa kuwa majimbo yanashindwa mahakamani, basi kazi iachiwe Washington. Marekebisho ya Kwanza yanalifunga Bunge la Marekani vile vile, tena yaliandikwa kwa ajili ya kulifunga Bunge hilo kwanza. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilivifuta vifungu vya sheria ya shirikisho vilivyokataza mambo yasiyo ya adabu yasiwafikie watoto mtandaoni. Bunge likatunga nyingine 1998, tofauti na COPPA, kuhusu maudhui yenye madhara kwa watoto. Hiyo haikuwahi kutekelezwa hata siku moja, kwani ilizuiwa tangu mwanzo, Mahakama ya Juu ikaunga mkono zuio hilo mwaka 2004, na ikafia mahakamani Januari 2009. Sheria ya nchi nzima ikitungwa kesho, kuna kila dalili kwamba mawakili wale wale wataipeleka mahakamani kwa hoja zile zile. Kinachobadilika Washington inapotunga sheria ni kitu kingine, nacho ni hatima ya sheria za majimbo zilizokwishapita majaribu hayo.

Hapo ndipo kilipo kile kifungu nilichokitaja mwanzo. Bunge lina njia mbili kuu za kukiandika. Njia ya kwanza ni kuweka kiwango cha chini cha ulinzi kwa nchi nzima na kuyaacha majimbo yaongeze juu yake. Sheria ya faragha ya matibabu ya 1996 ilifanya hivyo, na mpaka leo jimbo lenye ulinzi mkali zaidi kwa siri za mgonjwa linabaki na ulinzi wake. Njia ya pili ni kuweka kiwango kimoja kisichoongezwa wala kupunguzwa, na kufuta yote ya majimbo yanayogusa jambo hilo. Mwaka 2003 California ilikuwa imepitisha sheria kali ya kukataza barua pepe za matangazo zisizoombwa, iliyompa mpokeaji haki ya kushtaki, na iliyotakiwa kuanza tarehe 1 Januari 2004. Desemba 2003 sheria ya shirikisho ilitiwa saini, nayo ikaanza tarehe hiyo hiyo 1 Januari, ikafuta sheria za majimbo juu ya barua hizo isipokuwa pale zinapohusu uongo na udanganyifu, na badala ya kukataza ikamruhusu mtangazaji atume mpaka mpokeaji atakapomwambia aache. Kila mwenye sanduku la barua pepe anaweza kuhukumu mwenyewe kama alilindwa.

Katika suala la watoto, mswada unaotajwa zaidi ni KOSA, yaani mswada wa usalama wa watoto mtandaoni, uliowasilishwa mara ya kwanza Februari 2022 na maseneta Richard Blumenthal wa chama cha Democratic na Marsha Blackburn wa Republican. Seneti iliupitisha Julai 2024 kwa kura 91 dhidi ya 3, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura, na Mei 2025 ukawasilishwa upya. Toleo la Seneti linaiwekea kampuni wajibu wa kuchukua tahadhari ili muundo wa huduma yake usimletee madhara mtumiaji wa chini ya miaka 17, na linasema kwamba jimbo halizuiwi kutunga sheria yenye ulinzi mkubwa zaidi. Desemba 2025 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi ilijadili kifurushi cha miswada 18, na humo kulikuwa na toleo jingine la KOSA. Toleo hilo liliuondoa wajibu huo wa tahadhari, likataka kampuni ziwe tu na sera na taratibu za kushughulikia madhara yaliyotajwa, na likasema kwamba hakuna jimbo litakaloruhusiwa kutunga, kudumisha au kutekeleza sheria yoyote inayohusiana na masharti yake. Jina la mswada ni lile lile. Kinachotolewa ni kidogo zaidi, na kinachofutwa ni kikubwa zaidi.

Tamko hilo la kuhusiana ndilo linaloniogopesha. Linganisha na COPPA, ambayo inafuta tu yale yasiyopatana nayo. Sheria ya jimbo inaweza kupatana kabisa na ya shirikisho, hata kufanana nayo neno kwa neno, na bado ikahesabiwa kuwa inahusiana nayo. Wakili wa kampuni hatahitaji kuonyesha mgongano wowote. Atahitaji kuonyesha kwamba mada ni moja, na hata kesi zilizofunguliwa kwa sheria za zamani za kumlinda mteja zitaweza kushambuliwa kwa hoja hiyo.

Kampuni zina hoja ambayo haifai kudharauliwa. Virginia ilipitisha kikomo cha saa moja kwa siku katika kila mtandao wa kijamii kwa mtumiaji wa chini ya miaka 16 asipokuwa na ruhusa ya mzazi kubadilisha muda huo, Florida imekata umri kwenye miaka 14, New York inagusa mpangilio wa machapisho yanayochaguliwa na mashine, na kila jimbo lina namna yake ya kuthibitisha umri. Programu ndogo iliyoundwa na watu wanne haina idara ya sheria ya kusoma yote hayo. Ni kweli pia kwamba kila njia mpya ya kuthibitisha umri ni ghala jipya la vitambulisho na picha za nyuso, na ghala hizo zikiwa hamsini, hatari ya kuvuja inaongezeka. Kwa familia za wahamiaji hili lina uzito wa pekee, kwa sababu uthibitisho wa umri unamhusu kila mtu mzima wa nyumbani, pamoja na bibi ambaye hana leseni ya udereva wala kitambulisho cha jimbo. Ningependa Washington iweke kanuni moja juu ya namna ya kuthibitisha umri na juu ya kufuta taarifa hizo mara zinapokwisha kazi. Ila haja ya utaratibu mmoja wa kiufundi haihalalishi kuyanyamazisha majimbo katika mambo mengine yote, na kwa miaka zaidi ya 25 tangu COPPA ni majimbo yaliyosogea wakati Bunge kwa sehemu kubwa limesimama. Louisiana ilianza kudai uthibitisho wa umri kwenye tovuti za ngono Januari 2023. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Texas, ilihesabu majimbo mengine yasiyopungua 21 yenye sheria ya aina hiyo. Kama majimbo yangekuwa yamefungwa midomo mwaka 2022, swali hilo lisingefika kwa majaji kamwe.

Mvutano huu huu umehamia kwenye akili bandia. Julai 2025 Seneti ilikataa kwa kura 99 dhidi ya 1 pendekezo la kuyazuia majimbo yasisimamie teknolojia hiyo kwa miaka kadhaa, na mojawapo ya hoja zilizoliangusha ilikuwa usalama wa watoto. Agizo la Rais Donald Trump la Desemba 2025 limeunda kikosi cha kuzipinga mahakamani sheria za majimbo juu ya akili bandia, ingawa linasema kwamba mapendekezo yatakayopelekwa Bungeni yasiziguse sheria halali za kulinda watoto. Agizo la rais peke yake halina nguvu ya kufuta sheria ya jimbo. Hilo ni la Bunge au la mahakama.

Turudi nyumbani kwako. Binti yako wa miaka 12 ana ulinzi wa COPPA popote atakapokuwa nchini: una haki ya kuona taarifa zilizokusanywa juu yake, kudai zifutwe na kukataza zisikusanywe tena. Kanuni zake zilifanyiwa marekebisho yaliyoanza Juni 2025, kampuni zikapewa hadi tarehe 22 Aprili 2026 kuyatimiza. Kampuni inatakiwa kukuomba idhini ya pekee kabla ya kumpa mtu mwingine taarifa za mtoto kwa ajili ya mambo kama matangazo, na hairuhusiwi kuzihifadhi bila kikomo. Akifikisha miaka 13 ulinzi huo unakoma, na hapo ndipo kijana wako alipo sasa. Kwake kilichopo ni sheria nyingine ya Texas ya 2023, si ile ya tovuti za ngono, inayogusa watumiaji wa chini ya miaka 18. Baadhi ya vifungu vyake vimezuiwa na mahakama, lakini mwanasheria mkuu wa jimbo aliitumia Oktoba 2024 kuishtaki TikTok, akidai kwamba inatoa na kuuza taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Watoto wote wawili wanalindwa pia na sheria ya shirikisho ya Mei 2025 inayoutaka mtandao uondoe ndani ya saa 48 picha za faragha zilizosambazwa bila ridhaa, zikiwemo zilizotengenezwa kwa akili bandia. Utaratibu huo ulipewa hadi Mei 2026 kuwa tayari. Malalamiko yapeleke kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho na pia kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha kumlinda mteja. Uraia si sharti la kulalamika. Hazitakutatulia shauri lako binafsi kama mahakama inavyofanya, lakini malalamiko mengi juu ya programu moja ndiyo yanayozisukuma zichunguze. Na kama una watoto wa ndugu walioko Mombasa au Lubumbashi, ujue kwamba kwa maelezo ya Tume, kampuni iliyoko Marekani inabanwa na COPPA hata inapokusanya taarifa za watoto walioko nje ya nchi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho linategemea toleo litakalopita. Likipita la Seneti, binti yako na kijana wako wanaongezewa wajibu mpya wa kampuni juu ya ulinzi ambao Texas imekwisha kuuweka. Likipita lenye maneno ya Desemba 2025, wanapata sera na taratibu za kampuni, na ile sheria ya Texas ninayoitaja kwa ajili ya kijana wako inaweza kupoteza nguvu hata katika vifungu ambavyo hakuna jaji aliyevigusa. Mbunge wa wilaya yako Houston ana ofisi inayopokea barua za wakazi wote, na usihangaike kumwandikia kama anawapenda watoto, kwa sababu atakujibu kwamba anawapenda. Muulize kama atapiga kura ya ndiyo kwa mswada unaofuta sheria ya jimbo inayohusiana nao hata pale isipogongana nao, na umwombe akujibu kwa maandishi kabla mswada haujafika ukumbini.